Kuaminiana kati ya polisi na jamii za asili za msituni: mwongozo kamili, kuanzia kitabu cha OB

Mzee alitoa kitambulisho mfukoni. Nyuma ya kitambulisho, ndani ya ile plastiki yake, palikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Alikikunjua juu ya goti na kukisukuma kwa kidole hadi mbele ya OCS mpya, mkuu wa kituo cha polisi. Kilikuwa na namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na tarehe, basi. Mizinga yake sita ya nyuki ilikuwa imeibwa, akatembea karibu saa nne kwenda kituoni kuripoti, akapewa kikaratasi hicho na kuambiwa gari halina mafuta, angoje. Alikuwa amengoja miezi kumi na moja. Katika miezi hiyo gari lile lile lilifika kijijini kwao mara mbili, na mara zote mbili lilikuja na askari wa msitu kuwaondoa watu.

"Gari lilipata mafuta," alisema. Hakupandisha sauti.

Mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri siku hiyo, kama msaidizi wa kisheria wa kujitolea upande wa msitu wa Mau. Tangu hapo, kila ninaposikia mtu akisema polisi wanahitaji "kujenga uhusiano mwema" na watu wa msituni, huwa nauliza habari za mafuta kwanza. Nimeona mashindano ya mpira yaliyodhaminiwa na kituo, nimeona magunia ya unga yakigawiwa mbele ya kamera, nimeona mabaraza ya kutosha kujaza kalenda. Hakuna hata moja kati ya hayo lililomfanya mama aliyepigwa usiku ashuke kituoni asubuhi. Kinachomfanya ashuke ni kujua kwamba jirani yake aliripoti jambo na akajibiwa.

Mwongozo huu ni wa mkuu wa kituo, yaani OCS, aliyepangiwa kazi karibu na jamii ya asili nchini Kenya: Waogiek wa Mau au wa Mlima Elgon, Wasengwer wa Embobut kwenye milima ya Cherang'any, Wayaaku wa Mukogodo, Waendorois wa Ziwa Bogoria. Ni wa wazee wa jamii hizo pia, na kuna sehemu yao huko mbele. Sheria ninazozitaja ni za Kenya. Msomaji wa Tanzania au Uganda atazikuta hatua zikimfaa, ila vifungu atafute vya kwao.

Hatua ya 1: Soma yaliyotangulia sare yako

Ukihamishwa kutoka Nairobi au Mombasa utadhani habari ya kituo chako inaanza siku uliyoripoti kazini. Kwa wazee inaanza mbali. Tume ya ardhi ya wakoloni iliyotoa ripoti yake mwaka 1934 ilipendekeza watu wa msituni waondolewe na kuchanganywa na makabila makubwa ya jirani, kana kwamba hawakuwa na kwao. Oktoba 2009 Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, iliwapa Waogiek wa Mau siku 30 wahame. Notisi hiyo ndiyo iliyozaa kesi iliyofika Arusha, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek, ikiwemo haki ya ardhi ya mababu zao. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara mengine, na wapewe hati ya ardhi hiyo. Novemba 2023 nyumba zilibomolewa tena Sasimwani, upande wa Narok.

Embobut nako wanahesabu yao. Januari 2014 nyumba za Wasengwer zilichomwa moto. Januari 2018 Msengwer mmoja alipigwa risasi akafa katika operesheni ya askari wa msitu, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha ufadhili wake wa mradi wa kuhifadhi vyanzo vya maji. Ukipelekwa Mlima Elgon, jua kwamba watu wazima wote wanaikumbuka Operesheni Okoa Maisha ya Machi 2008, iliyoendeshwa na wanajeshi pamoja na polisi, na waliokamatwa wakalalamikia mateso.

Utasema, "Lakini hao walikuwa KFS," au "Hao walikuwa jeshi." Kwa mama aliyekuwa akiokoa blanketi na sufuria, sare ni sare.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usiitishe kitu. Andika ukurasa mmoja wa mkono wako mwenyewe: hapa kilitokea nini, mwaka gani, nani alikufa, nyumba zilichomwa wapi, kesi imefika wapi. Muulize mwalimu mstaafu, katekista, mwenye duka aliyekaa hapo miaka mingi. Usimuulize chifu peke yake.

Na chunga ulimi. Neno "Ndorobo" lilitoka kwa Wamaasai, wakimaanisha mtu asiye na ng'ombe, yaani fukara. Wakoloni waliliandika kwenye makaratasi, na baadhi yetu tunalitumia hadi leo kama jina la kabila. Mzee akikusikia ukilitaja kwenye simu, ziara yako ya kwanza imekwisha kabla hujafika. "Wavamizi wa msitu" ni lile lile limevaa tai.

Hatua ya 2: Funga mlango, fungua OB

Hii ndiyo hatua ambayo ma-OCS wengi huiruka, na ndiyo ninayoitegemea kuliko zote.

Chukua vitabu vya matukio vya miezi kumi na miwili iliyopita. Tafuta kila ripoti iliyotoka vijiji vya jamii hiyo. Ukiwa na naibu wako itakuchukua mchana mmoja, labda miwili kama mwandiko ni mbaya. Chora safu nne kwenye daftari: namba ya OB, aliyeripoti, kilichofanyika, na kama alipewa majibu. Safu ya nne ndiyo itakayokuaibisha. Usiifiche, maana wao wameshaijua.

Kisha anza kujibu. Chukua jalada moja moja, upige simu au umtume askari kwa miguu au bodaboda. Jibu linaweza kuwa baya: mshukiwa hajapatikana, shahidi amehama, ushahidi hautoshi. Mtu mzima anaweza kubeba jibu baya. Asichoweza kubeba ni kimya, kwa sababu kimya hukijaza mwenyewe, na atakijaza kwa yale ya 2009.

Yule mzee wa mizinga sita aliambiwa na OCS, uso kwa uso, kwamba jalada lake halikuwahi kufunguliwa, kwamba kosa lilikuwa la kituo, na kwamba kwa muda uliopita asali ilishauzwa na mizinga haitapatikana. Mzee aliuliza swali moja: "Kwa hiyo si mimi nilikosea kuandika?" Kumbe miezi yote ile alidhani alijaza kitu vibaya, kwa kuwa hasomi vizuri. Aliondoka mikono mitupu. Wiki tatu baadaye alimleta mjukuu wake kuripoti kitu kingine.

Kuhusu mafuta. Mgao wa kituo ni mdogo, kila mtu anajua, na askari wengine wamezoea kumwambia mlalamishi aweke mafuta ndiyo gari litoke. Likomeshe hilo mara moja, na ulitangaze kwa sauti. Fomu ya P3, ile ya daktari kuandika majeraha, ni bure, bondi ya polisi ni bure, gari la polisi halikodishwi. Kama mafuta hayatoshi kweli, tenga siku moja kwa wiki, tuseme Alhamisi, gari liende upande ule na kushughulikia ripoti zote pamoja. Watu wakijua Alhamisi ni yao watapanga mashahidi wao. Ila Alhamisi mbili zikipita bila gari na bila simu, afadhali usingetangaza.

Hatua ya 3: Jua mwenye neno

Chifu ni mwajiriwa wa serikali. Mzee wa Nyumba Kumi mara nyingi ni mtu wa chifu. Mfumo wenyewe wa Nyumba Kumi tuliuchukua Tanzania na kuupa nguvu mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate, na huko ulikozaliwa balozi wa nyumba kumi alikuwa wa chama kabla ya kuwa wa majirani. Si vibaya kufanya kazi na hawa. Vibaya ni kudhani ukishaongea nao umeongea na jamii.

Njia rahisi ya kumpata mwenye neno ni kuuliza watu tofauti swali moja: "Usiku kukiwa na shida, unampigia nani kwanza?" Waulize wanawake kando, waulize vijana kando. Jina litakalorudi mara tatu, nne, huyo ndiye. Kwa Waogiek koo zina maeneo yao ya msitu na mizinga yao, kwa hiyo ukipata mzee wa ukoo mmoja tafuta na wa mwingine, la sivyo utaambiwa umenunuliwa na upande mmoja.

Hakikisha wanawake wawili angalau wako kwenye orodha yako, tena wanaoongea bila kumtazama mzee kwanza. Kesi nyingi zisizofika kituoni ni zao.

Hatua ya 4: Ziara ya kwanza

Peleka ujumbe siku kadhaa mbele kupitia wale uliowapata. Uliza mahali, usichague wewe. Wakisema chini ya mti fulani mlimani, panda.

Nenda na gari moja. Zima injini. Huenda ukaona ni jambo dogo, lakini nimekaa katika kikao ambacho gari liliachwa likinguruma mwanzo hadi mwisho na dereva ameshika usukani, na kila mtu akaongea kwa haraka kama anayesubiriwa. Silaha zinazohitajika kwa usalama wa njiani zibaki na askari mmoja garini. Wewe kaa walipokaa wao. Wakikaa kwenye gogo, kaa kwenye gogo. Usije na mbunge au diwani, na usije na mpiga picha.

Mkalimani asiwe askari, asiwe chifu, na asitoke jamii jirani ambayo inagombea mpaka nao. Wengi wataongea Kiswahili kizuri tu, ila mambo ya uchungu mtu huyasema kwa lugha ya mama yake, na wewe unataka kuyasikia.

Fungua kikao kwa kujibu zile ripoti za OB ulizozikusanya, kabla ya kuomba ushirikiano wowote. Nimeona kikao kikibadilika hapo hapo: watu waliokuwa wameegemea miti nyuma wakasogea. Ukishamaliza, nyamaza. Watakutolea ya 2009, ya 2014, ya juzi. Usijitetee kwa niaba ya serikali nzima. Sema ulichokisoma katika ule ukurasa wako, waache wakusahihishe, andika marekebisho mbele yao.

Watakukaribisha asali. Onja pale pale, shukuru. Ukibebeshwa mtungi mzima kwenda nao nyumbani, kataa kwa heshima na useme sababu: "Mzee wangu, nikibeba huu leo, kesho mwingine atasema kesi yako imeenda haraka kwa sababu ya asali." Hakuna mzee atakayechukia hilo. Wengine watacheka. Ukirudi kituoni, iandike ziara yenyewe kwenye OB.

Hatua ya 5: Makubaliano ya ukurasa mmoja

Baada ya vikao viwili au vitatu, andikeni. Ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi, kisha usomwe kwa sauti kwa lugha yao kabla ya kutiwa sahihi. Makubaliano haya hayabadilishi sheria. Yanaeleza sheria itafanyaje kazi hapa kwenu.

Jambo la kwanza ni kugawana kazi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 159, inatambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro, mradi zisivunje haki za binadamu na zisipingane na Katiba. Wizi wa mzinga, mpaka wa shamba, mbuzi aliyeingia kwenye viazi, vijana waliopigana kwenye kilabu: wazee wanayaweza, na mara nyingi wanayaweza kuliko mahakama, kwa sababu mlalamishi anataka mzinga wake na si mtu afungwe. Kubalianeni kwamba kituo kitapewa taarifa ya uamuzi, na kwamba asiyeridhika yuko huru kushuka kituoni bila kuitwa msaliti.

Kisha andikeni yasiyosuluhishwa chini ya mti kamwe: kifo, ubakaji, unajisi wa mtoto, ukeketaji. Hapa ndipo maelewano mengi huvunjikia, kwa hiyo semeni mapema, siku ambayo hakuna kesi. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, familia na wazee hawana mamlaka ya kuiondoa kesi kwa kulipana mbuzi. Askari naye hana. Nimemsikia OCS akiwalaumu wazee kwa kumaliza kesi ya unajisi nyumbani, na mzee mmoja akamjibu kwamba jalada lilifungwa na askari wa kituo hicho hicho aliyekuwepo wakati mbuzi wanahesabiwa. Kila mtu aliangalia chini. Kama ni hivyo kwako, anzia kwa askari wako.

Jambo la pili ni kukamata watu. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Muda huo ukiishia nje ya saa za kazi za mahakama, unasogea hadi siku ya mahakama inayofuata. Hapo ndipo ulipozaliwa ule mchezo wa kumkamata mtu Ijumaa jioni alale ndani hadi Jumatatu, kwa kosa la kuokota kuni. Wazee wanaujua mchezo huo kuliko wakili. Andikeni kwamba makosa madogo hayatakamatiwa Ijumaa, na kwamba mtu akikamatwa, jamaa yake atapigiwa simu siku hiyo hiyo. Kifungu hicho hicho kinasema kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi sita, si la kumweka mtu rumande.

Mengine ni ya kawaida: namba ya simu ya kituo inayopokewa usiku, askari wa kike kwenye dawati la jinsia, siku ya gari. Nakala ziwe tatu: kituoni, kwa wazee, na kwa wanawake. Nakala ya wanawake isiwekwe nyumbani kwa mzee.

Hatua ya 6: Siku amri ya kuwahamisha watu itakapofika

Unaweza kufanya yote yaliyo hapo juu kwa miaka miwili, kisha simu moja kutoka juu ikayafuta kwa asubuhi moja. Ukiwa OCS karibu na msitu, amini kwamba simu hiyo itakuja. Jiandae nayo kabla.

Omba karatasi. Nani ameamuru, kwa sheria gani, kuna amri ya mahakama kuruhusu au kuzuia? Maana mara nyingi kuna kesi inayoendelea, na wazee wana nakala ambayo wewe huna. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka notisi isiyopungua miezi mitatu kabla ya watu kuondolewa. Kwa ardhi ya umma inataka itolewe kwa maandishi, kwenye Gazeti rasmi la Serikali, kwenye gazeti linalosomwa nchi nzima, na redioni kwa lugha ya wenyeji inapofaa. Aliyepewa notisi anaweza kwenda mahakamani. Siku yenyewe, maafisa wajitambulishe na waonyeshe idhini yao, wawakilishi wa serikali wawepo, wenye mahitaji maalum walindwe, mali itakayobaki ilindwe, nguvu isizidi inayohitajika, na watu wapewe nafasi ya kwanza kubomoa wenyewe na kuokoa vitu vyao. Soma tena hilo la mwisho. Kiberiti hakimo humo.

Andika barua fupi kwa kamanda wako ukiorodhesha kipi kimetimia na kipi hakijatimia. Si uasi. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linasema wazi kwamba kutii amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Siku mambo yatakapofika kortini au kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, barua hiyo itakuwa rafiki yako pekee.

Waambie wazee. Ma-OCS wengi huniuliza kama hiyo si kuvujisha siri ya operesheni. Notisi inayotakiwa na sheria kusomwa redioni si siri. Waambie unachojua na usichojua, na usiahidi kwamba halitatokea.

Kuna wanaoshauri kwamba askari wa kituo wakae mbali siku hiyo, kazi ifanywe na GSU, kikosi cha polisi cha kutuliza ghasia, au KFS kutoka nje, ili jina la kituo libaki safi. Mimi sikubali. Watu hawatasema "hawa si wetu," watasema "wetu walijificha." Afadhali mkuu wa kituo awepo, asimame anapoonekana, akiandika: nyumba ya nani, saa ngapi, nani aliamuru, kilichobaki ni nini. Mtoto anayefanya mtihani wa KCSE wiki hiyo, mjamzito, mzee asiyetembea, wawe kwenye orodha yako kwa majina kabla ya siku kufika. Huwezi kuipata orodha hiyo asubuhi ya operesheni. Utaipata tu kama ulipanda mlimani mapema.

Wenzetu wa Kanada walilipia somo hili kwa damu. Septemba 1995, katika bustani ya Ipperwash jimboni Ontario, polisi walimuua kwa risasi Dudley George, Mzawa wa Asili aliyekuwa na wenzake wakidai ardhi yao bila bunduki. Uchunguzi wa umma uliomalizika mwaka 2007 ulichambua namna polisi walivyoingia usiku bila mtu wa kuongea na waandamanaji. Polisi wa jimbo hilo sasa wana kikosi ambacho kazi yake ni kuongea na jamii za asili kabla ya mgogoro, wakati wa mgogoro na baada yake. Hatuna bajeti ya kikosi. Askari mmoja anayejulikana kwa jina, ambaye simu yake inapokewa mlimani, tunammudu.

Hatua ya 7: Damu ikimwagika

Askari akimjeruhi vibaya mtu au kumuua, sheria inataka tukio liripotiwe kwa IPOA. Ripoti mwenyewe, siku hiyo, usingoje familia ifanye hivyo. Linda eneo. Nenda kwa familia kabla jua halijazama, hata kama utapigiwa kelele. Usiseme "alikuwa jambazi" kwenye redio wakati hujui. Na usikubali askari husika ahamishwe kimya kimya usiku, kwa sababu kijiji kitaona ni kumtorosha, na kitakuwa sahihi.

Mambo yanaweza kuwa kinyume, askari wako akawa ndiye aliyeuawa. Hapo ndipo hasira humvuta mkuu kukamata kijiji kizima. Juni 2022 Loliondo, Tanzania, wakati wa kuweka mipaka ya eneo la kilomita za mraba 1,500, askari polisi mmoja aliuawa kwa mshale, na Wamaasai wengi wakajeruhiwa. Zaidi ya watu 20 walishtakiwa kwa mauaji, wakiwemo viongozi ambao ndugu zao walisema walishakamatwa siku moja kabla. Novemba mwaka huo mashtaka yaliondolewa. Aliyefiwa hakupata haki hapo, na waliokaa rumande miezi mitano hawakurudi nyumbani wakiipenda polisi zaidi. Mtafute mwenye mshale. Wakoloni walikuwa na sheria za kuadhibu kabila zima kwa kosa la mtu mmoja, na wazee bado wanazikumbuka kupitia baba zao.

Hatua ya 8: Wazee, sasa zamu yenu

Nitasema kwa ufupi, maana mzigo wenu ni mwepesi kidogo. Ukiripoti, usiondoke bila namba ya OB, na jina la aliyekuandikia liandike nyuma ya karatasi. Ukiombwa mafuta, uliza risiti. Msimfiche kijana wenu aliyeua au kubaka kwa sababu tu polisi waliwahi kuchoma nyumba. Hayo ni makosa mawili na kila moja lina mwenyewe. Msipeleke kesi kwa mwanasiasa kabla ya kuipeleka kituoni, kwani akishaitangaza jukwaani haitakuwa yenu tena. Na shahidi akiitwa mahakamani Nakuru au Iten, mchangieni nauli. Kesi nyingi zenu zilikufa kwa nauli.

Hatua ya 9: Pima, kisha kabidhi

Usihesabu mabaraza. Kila baada ya miezi mitatu rudi kwenye lile daftari la safu nne. Ni ripoti ngapi zimetoka mlimani, ngapi zimeletwa na wanawake, ngapi zimekuja bila kupitia kwa chifu, ngapi zimejibiwa. Ripoti zikiongezeka, mkubwa wako anaweza kudhani uhalifu umepanda. Mweleze mapema kwamba uhalifu ulikuwepo, ila ulikuwa hauji kituoni.

Mtashawishika kuwapa vijana wa jamii bunduki kama askari wa akiba, NPR. Fanyeni pole pole, kwa majina yaliyokubaliwa na koo zote, la sivyo mtakuwa mmeupa ukoo mmoja serikali yake. Vijana wao kuingia polisi kwa njia ya kawaida ni bora zaidi. Siku ya kusajili makurutu peleka tangazo mlimani mapema, na si asubuhi ile ile watu wengine wameshapanga foleni tangu alfajiri.

Halafu utahamishwa. Uhamisho wa polisi huja kwa ujumbe mfupi na siku chache za kufunga mizigo, na hapo ndipo kazi yote huwa hatarini, kwa sababu wazee walimwamini mtu na si kituo. Kwa hiyo anza daftari la makabidhiano mwezi wa kwanza, usingoje wa mwisho. Weka ndani ule ukurasa wa historia, makubaliano yaliyotiwa sahihi, majina na simu za wenye neno, majalada ambayo bado hayajajibiwa, na siku ya gari. Mpeleke anayekupokea mlimani wewe mwenyewe, hata kama ni saa mbili tu kabla ya basi lako, umtaje kwa jina mbele yao, na umwache ajibu swali lao la kwanza bila wewe kumsaidia. Daftari liache kwenye kabati moja na OB, na umwonyeshe naibu ufunguo uko wapi.